Laiki Hazilipi Kodi ya Fremu: Baa za Wanawake Marekani Zilivyokufa na Zinavyofufuka



Kuna malalamiko nayasikia sana kwa wauzaji wa mtandaoni. Mtu ana wafuasi kibao, kila picha inapata laiki, watu wanakomenti "hongera dada, kazi nzuri", lakini oda hakuna. Mwisho wa mwezi kodi ya fremu inamkaba na zile laiki mwenye nyumba hazitaki.

Leo nataka tuongelee biashara ambazo zilipendwa mpaka watu walizililia zilipofungwa. Na zilifungwa kweli, moja baada ya nyingine, karibu ziishe kabisa nchi nzima. Halafu miaka ya karibuni zimeanza kurudi. Ni baa za Marekani za wanawake wanaopenda wanawake wenzao, wale ambao mtaani huku wanaitwa wasagaji.

Najua hapo kuna mtu ameshashika simu aanze kukomenti. Tulia kwanza boss. Sheria za nchi zetu kwenye hili zinajulikana na kila mtu ana imani yake. Mimi nazungumzia wanawake wenye biashara ndogo, wenye kodi, mishahara ya wafanyakazi na mikopo kama wewe, ambao walikuwa karibu kupoteza kila kitu. Walichopitia na walivyojiokoa, muuzaji yeyote mdogo atakielewa.

BAA HIZI ZILIKUWA ZINAUZA NINI?

Ukisema zilikuwa zinauza bia utakuwa umekosea. Bia inauzwa kila kona.

Miaka ya 1950 na 1960 Marekani, polisi walikuwa wanavamia baa za watu wa mapenzi ya jinsia moja. Ukikamatwa, jina lako lingeweza kutoka gazetini na kesho yake huna kazi. Mwanamke aliyeishi maisha hayo alikuwa hana pa kwenda. Nyumbani anajificha, kazini anajificha, akiingia baa ya kawaida wanaume wanamsumbua. Hivyo ile baa moja ya mjini, hata kama ni chumba kidogo chenye taa mbovu, ndiyo ilikuwa sehemu pekee ya kukaa na wenzake bila kujifanya mtu mwingine. Pale alipata rafiki, mchumba, taarifa za kazi, hata pa kulala akifukuzwa kwao.

Kwa hiyo bidhaa yenyewe ilikuwa usalama na kuwa pamoja. Bia ilikuwa njia tu ya kulipia. Hapo hapo ndipo shida ya kibiashara ilipoanzia, maana mtu anaweza kukaa masaa manne akafurahia ile bidhaa kubwa, usalama na marafiki, halafu akanunua soda moja.

NAMBA ZINASEMAJE?

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na baa za aina hii kama 200. Kufika 2020 zilizobaki zilikuwa zinakaribia 20 tu. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 300! Mtafiti mmoja wa huko, Greggor Mattson, alipitia vitabu vya mwongozo wa sehemu za starehe akakuta kati ya 2007 na 2019 peke yake zaidi ya nusu ya baa hizi zilipotea.

Na ajabu ni kwamba wakati zinakufa, maisha ya wateja wake kisheria yalikuwa yanakuwa mepesi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima. Ungetegemea biashara ichanue. Ikawa kinyume. Tuangalie kwa nini.

SABABU YA KWANZA: MTAJI

Mpaka 1974, benki ya Marekani iliweza kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu tu ni mwanamke au kwa sababu hana mume. Sheria ya mwaka ule ikazuia hilo. Lakini kwenye mikopo ya biashara, kuna majimbo mwanamke aliendelea kudaiwa sahihi ya ndugu wa kiume mpaka sheria nyingine ilipopita 1988. Umeona? 1988, siyo zamani sana. Sasa fikiria mwanamke asiye na mume, ambaye kwao wamemtenga, anaambiwa alete kaka yake asaini.

Hata kuajiri kulikuwa na vikwazo. California ilikuwa na sheria iliyozuia baa kumwajiri mwanamke wa kuchanganya vinywaji, mpaka mahakama ya juu ya jimbo ilipoifuta 1971. Rikki Streicher alifungua baa yake ya Maud's pale San Francisco mwaka 1966, baa ya wanawake kabisa, lakini kazi ya kaunta ikabidi aajiri wanaume.

SABABU YA PILI: MFUKO WA MTEJA

Wateja wa baa hizi ni wanawake, na wanawake Marekani wanalipwa pungufu. Miaka ya 1970 mwanamke wa kazi ya muda wote alipata kama senti 60 kwa kila dola ya mwanaume. Siku hizi ni senti 80 na kidogo. Nyumba yenye wanawake wawili, pengo hilo linaingia mara mbili. Baa za wanaume wapenda wanaume ziliwahimili wamiliki vizuri zaidi kwa sababu mfuko wa wateja wao ulikuwa mnene zaidi.

Juu ya hapo soko lenyewe ni dogo. Ukiuza kwa watu wachache, wenye hela kiasi, huna nafasi ya kuyumba hata mwezi mmoja.

SABABU YA TATU: KODI

Hii ndiyo iliyoniuma zaidi kwa sababu sisi wa fremu tunaijua. Lila Thirkield alifungua baa ya Lexington Club mtaa wa Mission, San Francisco, mwaka 1997. Ule mtaa ulikuwa wa bei nafuu na wanawake wengi wa aina yake waliishi pale pale, wanatembea kwa mguu mpaka baa. Kisha kampuni za teknolojia zikaleta watu wenye hela mjini na kodi zikapaa. Kodi ya baa ilipanda, ndiyo, ila kubwa zaidi ni kwamba kodi za nyumba za wateja zilipanda. Wakahama. Mtu aliyehamia mji mwingine bado anaipenda Lexington, bado anaisifia, lakini Jumatano jioni hawezi kuja. Mwaka 2015 ikafungwa.

Sasa linganisha na jirani yake, mji huo huo. Wild Side West ilianzishwa 1962 upande wa Oakland na wanawake wawili, Pat Ramseyer na Nancy White, kisha ikahamia San Francisco, na miaka ya 1970 ikafika mtaa wa Bernal Heights. Pale walinunua jengo lenyewe. Inasimuliwa kwamba walipofika, kuna majirani hawakuwataka, wakawa wanawatupia takataka uani, masinki na vyoo vilivyovunjika. Wale akina mama wakavipanda maua. Ile bustani ipo mpaka leo na wateja wanaipenda. Baa inaendelea, ina zaidi ya miaka 60.

Sisemi sote tunaweza kununua jengo. Nasema tofauti ya baa hizi mbili haikuwa mapenzi ya wateja. Zote zilipendwa. Tofauti moja kubwa ilikuwa ni nani anashika mkataba wa pale ulipo.

SABABU YA NNE: WATEJA KUTAWANYIKA

Zamani ukitaka kukutana na wenzako ilibidi uende baa. Ikaja intaneti, zikaja programu za simu za kutafuta wachumba. Pia jamii ya kule ikalegea, wanawake hawa wakawa wanaweza kukaa baa yoyote ya kawaida bila kuogopa sana. Hakuna aliyeichukia baa yake ya zamani. Kila mmoja alijua ipo, akaona wengine watakwenda. Na wengine nao wakadhani hivyo hivyo.

Hapo ndipo wengi tunapopotezea biashara za watu tunaowapenda. Yule mama wa maandazi unayemsifia kila siku, mara ya mwisho umenunua lini?

Halafu 2020 ikaja Corona. Baa karibu zote zikaamriwa kufunga. Hawa ambao tayari walikuwa wanaishi kwa pumzi ya mwisho, ikaonekana ndiyo basi.

WALIVYOANZA KUOKOLEWA

Mwaka huo huo wa 2020, watengeneza filamu wawili wa New York, Erica Rose na Elina Street, walianzisha kampeni inaitwa The Lesbian Bar Project. Angalia walichofanya, maana ni hatua ambazo hata mwenye simu ya kawaida anaweza kuzifuata.

Kwanza walihesabu. Walitoa orodha ya baa zilizobaki nchi nzima, kwa majina na miji. Kabla ya hapo watu walikuwa na hisia tu kwamba "zinapungua". Ukimwambia mtu zilikuwa 200 na sasa zimebaki kiganja, anashtuka.

Pili walisema wanahitaji nini. Walitengeneza video fupi, wakaweka sehemu ya kuchangia na muda maalumu, karibu mwezi mmoja. Zaidi ya dola 100,000 ziliingia, zikagawanywa kwa baa zilizoshiriki. Mwaka 2021 wakatoa filamu fupi na kuchangisha tena.

Tatu, walitafuta mdhamini ambaye naye ana faida. Hakuwa serikali wala mfadhili wa misaada. Ilikuwa Jägermeister, kampuni ya pombe ya Ujerumani. Baa zikifa, nani atauza pombe yao? Kwa hiyo msaada ulikuwa na akili ya biashara ndani yake. Wewe unayechukua mzigo kwa mtu wa jumla kila wiki, jiulize: ukifunga, yeye anapoteza nini? Hiyo ndiyo nguvu yako ya kumwomba akupe mzigo wa kulipa taratibu au akuchangie tangazo.

WAPYA WALIOINGIA SOKONI

Baada ya hapo wakaanza kutokea wengine kufungua sehemu mpya. Leo orodha ya kampeni ile imevuka baa 30. Wachache hawa tuwaangalie.

Jenny Nguyen ni mpishi wa Portland, jimbo la Oregon, na hajifichi kuwa anapenda wanawake. Mwaka 2018 alikuwa baa na marafiki wakiangalia fainali ya mpira wa kikapu ya wanawake wa vyuo, kwenye runinga ndogo ya pembeni isiyo na sauti. Akawaza, kwa nini kusiwe na baa inayoonyesha michezo ya wanawake tu? Tarehe 1 Aprili 2022 akafungua The Sports Bra. Kabla ya kufungua aliomba watu mtandaoni wamchangie chini ya dola 50,000. Ndani ya mwezi akapata zaidi ya 100,000. Miezi minane ya kwanza aliuza zaidi ya dola 900,000. Hayo ni mauzo jamani, siyo faida, tusichanganye.

Baa yake haijaandikwa mlangoni kuwa ya wasagaji. Ila wanawake hao wamejaa pale, pamoja na wazazi na watoto wao wa kike wanaopenda michezo. Alipanua mlango na wenyewe wa mwanzo hakuwatoa nje.

London nako, Februari 2024, wanawake walifungua baa ya majaribio inaitwa La Camionera, mtaa wa Hackney. Chumba kidogo tu. Watu waliojitokeza walijaa mpaka barabarani. Wenyewe hawakukimbilia kusaini mkataba mkubwa kabla. Walijaribu soko kwanza, wakaona umati, wakachangisha, ndipo wakafungua sehemu ya kudumu mwaka huo huo. Ukitaka kuagiza mzigo mkubwa, chukua sampuli kwanza, weka picha, pokea oda za awali. Ni hesabu ile ile.

Na New York kuna Henrietta Hudson, baa ya tangu 1991. Hii haikufa, ila baada ya Corona mwenyewe, Lisa Cannistraci, aliibadilisha. Zamani ilikuwa ya kucheza muziki usiku. Mwaka 2021 ikarudi ikiwa sehemu ya kukaa, kuna meza, kahawa na chakula, na ikatangaza wazi kuwa imejengwa na wasagaji lakini inakaribisha wote wa jamii pana. Kuna wateja wa zamani walinung'unika kwamba jina lao linafifia. Naelewa uchungu wao. Lakini mlango uko wazi, na ukiwa wazi unaweza kuendelea kugombana ndani.

SASA, UNAZIUNGISHAJE?

Kiswahili chetu kina neno zuri sana la biashara: kuungisha. "Niungishe dada." Maana yake nunua ili biashara yangu isimame. Wanaozitaka baa hizi ziendelee, wanaziungisha hivi:

1. Wanakwenda siku za kawaida. Ijumaa baa itajaa tu. Kodi inalipwa na Jumanne. Hata wewe, mteja wa katikati ya mwezi ni dhahabu kuliko mia wanaokuja sikukuu.

2. Wananunua hata kama hawanywi pombe. Chakula, kahawa, fulana yenye jina la baa. Wenye baa nao wamejifunza kuweka vitu hivyo, kwa sababu asiyekunywa alikuwa anakaa bure siyo kwa ubaya, hakuwa na cha kununua. Angalia duka lako: yule anayekupenda lakini hana hela ya gauni, una kitu cha elfu tatu anachoweza kuchukua?

3. Wanapeleka shughuli zao pale. Birthday, kikao cha kikundi, usiku wa mashairi. Baa nyingine zinafungua mchana kama mgahawa ili wale wasiopenda kelele, wenye watoto au walioacha pombe, wapate nafasi.

4. Wanataja kwa jina na mahali. "Nendeni baa ya fulani, iko mtaa fulani, inafungua saa fulani." Ukiandika tu "tuwasapoti wanawake" hujampelekea mtu hata mteja mmoja.

5. Wanachanga mapema. Pesa iliyofika wakati baa ina miezi miwili ya deni inaokoa. Machozi ya siku ya kufunga hayaokoi kitu.

HAIJAISHA BADO

Nisikudanganye kuwa wote wamepona. Los Angeles ilifunguliwa baa ya mvinyo inaitwa The Ruby Fruit mwaka 2023, watu wakaishangilia sana. Januari 2025 moto mkubwa ukaunguza sehemu za mji ule, watu wakaacha kutoka, na baa ikatangaza kufunga. Baadaye ilifunguliwa tena, lakini ona jinsi akiba ilivyokuwa nyembamba: biashara inayosifiwa nchi nzima, pigo moja tu la nje, milango imefungwa. Na 30 na kitu siyo 200. Kuna miji mikubwa bado haina hata moja, na msichana wa kule anayetafuta pa kukaa na wenzake ana simu tu mkononi.

Wenye baa waliofanikiwa walifanya kitu ambacho wengi wetu tunaona aibu kukifanya: walisema wazi. Walisema tupo wangapi, tunadaiwa kiasi gani, tunahitaji nini, mpaka lini. Wateja waliokuwa wanawapenda kimya kimya wakapata kazi ya kufanya. Wengi walikuwa hawajui tu kwamba mapenzi yao hayajafika kaunta.

Kwa hiyo wewe mwenye laiki kibao na oda chache, kabla hujasema wateja wako ni wanafiki, jiulize kama umewahi kuwaambia wafanye nini. Wiki hii andika posti moja ya ukweli. Weka bidhaa moja, bei yake, idadi iliyobaki, siku ya mwisho na lipa namba. Usilie, usilaumu. Mwambie mtu: ukinunua hii, duka linasimama.

Halafu na wewe mwenyewe chagua biashara moja unayoipenda ila hujainunua siku nyingi. Nenda kaungishe kabla haijafungwa.

Ukifanya, rudi uniambie kwenye komenti imekuwaje. Mtumie na mwenzio anayelia na kodi. Tuonane posti ijayo, kazi njema.